Kwa Zuhura, kuhusu Salma na kemia

Sinza, Dar es Salaam

Shoga yangu Zuhura,

Salaam nyingi. Sisi wazima, joto tu ndilo linatukomesha. Umeniuliza kama Salma achukue kemia chuoni, maana hesabu zinamsumbua ila "kukariri anajua". Shoga, hapo kwenye kukariri ndipo penye kazi.

Mimi nilikuja mwaka wa kwanza na madaftari mazima kichwani. Tukaambiwa tutengeneze lita moja ya kostiki soda, ile ile ya kupikia sabuni, ya 0.1 M (M ni moli kwa lita, yaani ukali wa dawa). Nikajua gramu 4 basi, kwisha. Naweka vidonge kwenye mzani, tarakimu zinapanda zenyewe: 4.00, 4.01, 4.02, na mkono nimeshautoa! Kutazama vizuri, vidonge vinang'aa kama vimetoka jasho. Ni unyevu wa Dar huo, kostiki inaunywa kutoka hewani. Nikafumba macho, nikaandika 4.

Kesho yake tukaipima kwa asidi oksaliki. Mililita 25 za asidi ya 0.05 M zilitakiwa ziishe kwa mililita 25 za kostiki yangu. Bureti, lile bomba la kupimia, ikapita 25, rangi ya kuonyesha asidi imeisha hakuna. 26, hakuna. Kwenye 26.3 tone moja likaacha waridi jepesi, nikatikisa chupa, halikuondoka. Kumbe dawa yangu ilikuwa 0.095 M, si 0.1, maana sehemu ya zile gramu 4 ilikuwa maji. Fundi wa maabara akacheka, akaniambia ndiyo maana kostiki haiaminiwi kwa mzani, hupimwa kwa asidi kwanza.

Hilo sikulisahau, lakini kemia ya kaboni bado niliikariri, mishale yote ya kuonyesha elektroni zinakokwenda, nikala sapu, mtihani wa marudio. Nilipoirudia nikawa najiuliza kitu kimoja tu: elektroni zimejaa wapi na zinatakiwa wapi? Maswali mengi yakafunguka.

Kwa hiyo Salma asikimbilie kemia akidhani anakwepa hesabu. Kemia fizikia ni kalkulasi tupu, na hapo wengi wanabadilisha kozi. Akiwa mtu wa kuuliza kwa nini mzani unapanda, aje. Kama anataka tu cheti, mwambie atafute kwingine, ripoti za maabara zitamla usiku kucha na bumu, ile pesa ya mkopo wa chuo, linaishia kwenye kuchapisha.

Likizo mleteni kwangu siku mbili tatu. Asishtuke akiniona vidole vyeusi, ni nitreti ya fedha, ikipigwa na mwanga inaganda hivyo siku kadhaa. Mama yangu juzi aliniuliza piko hili nimepaka harusi ya nani.

Msalimie mama,
Neema