Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Wenye Baa, Mombasa

Wanachama wenzangu,

Shughuli za mwaka mnazijua. Tulifuatilia leseni za kaunti, tukafanya semina ya wahudumu pale Tudor kuhusu saa za kuuza na umri wa miaka 18, tukapeleka rambirambi kwa waliofiwa. Tuko wanachama 64, waliolipa ada ni 27, na benki tumebakiwa na shilingi 41,300.

Lililotugawa ni bima. Kamati iliamua kila mwanachama achukue bima ya kumfidia mteja au mpita njia atakayeumia kwa sababu ya biashara yake, la sivyo hapati barua ya chama ya kuombea leseni. Baadhi yenu mkaniita ajenti wa kampuni za bima. Sijapokea hata shilingi moja, na vitabu viko wazi kwa mweka hazina.

Waliokwenda kumpa pole mwenzetu wa Changamwe walijionea. Mteja aliteleza kwenye maji ya barafu mbele ya kaunta, akavunjika nyonga. Mwenzetu aliuza friji mbili na spika kulipa hospitali, na mpaka leo bia yake yote ni ya moto. Sheria, Sura ya 34, inamtaka mwenye mahali aangalie usalama wa wageni wake. Kwa hivyo deni lile lilikuwa lake, si bahati mbaya tu.

Wengine mnasema bima mnayo. Nilipoomba kuziona, karibu zote ni ile ya fidia ya wafanyakazi, ya sheria ya 2007. Hiyo ni ya mhudumu akijikata na chupa, mteja haimhusu. Na hata mkichukua hii nyingine, ulizeni kabla ya kutia sahihi: inagusa ugomvi na baunsa? Inagusa mtu aliyetoka kwako amelewa akagonga bodaboda?

Ni kweli bei inauma. Huko Marekani, jimbo la South Carolina lilipitisha sheria mwaka 2017 kwamba baa inayouza baada ya saa 11 jioni iwe na bima ya dola milioni 1, na bei zilivyopanda baa nyingi zilifunga, hadi sheria ikabidi irekebishwe 2025. Ndiyo maana niliisihi kamati tusitaje kiwango, kila mtu achukue kulingana na baa yake. Jambo hilo nililipigania mimi, na waliopinga hawakuhudhuria mkutano wa kulijadili. Tulikuwa watu 11 ukumbini, viti vimetukodolea macho, kisha lawama zikaja kwa simu usiku.

Mwaka ujao tunatarajia, Mungu akipenda, kupata kampuni ya kutuuzia bima kwa pamoja kwa bei nafuu. Lakini hakuna kampuni itakayozungumza na chama ambacho zaidi ya nusu ya wanachama wake hawajalipa ada. Wenye madeni wamwone mweka hazina kabla ya mkutano mkuu.

Mwenyekiti