Barua ya wazi kwa Diwani wetu: maji taka yameingia ndani tena

Mheshimiwa Diwani,

Pokea salamu zangu kwa heshima. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ahadi yako uliitoa ukumbini, mbele ya wazee wa jumuiya yetu hapa Toronto, mkalimani akiwa pembeni yako. Waliokusikia siku ile nao wasome.

Mvua ya juzi usiku imepandisha tena maji taka kupitia tundu la sakafuni, kwenye besimenti tunayopanga. Magodoro ya watoto hayafai tena. Mama mkwe wangu, ambaye magoti yanamsumbua, tulimpandisha ngazi kwa kumbeba, gizani. Mwenye nyumba anasema kosa ni la bomba la mtaa. Ofisi yako inasema ni la mwenye nyumba. Mimi namwamini mwenye nyumba, maana majirani zetu wa pande zote mbili walifurika saa ileile. Sehemu za kale za mji huu bado zina bomba moja la maji ya mvua na ya chooni. Nadhani mtaa wetu ni mmojawapo, na mvua ikizidi maji hayana pa kwenda ila kwetu tulio chini.

Ulituambia Toronto imejengwa na wahamiaji. Basi nikukumbushe mmoja wao, Robert Baldwin Sullivan. Alizaliwa Bandon, Ireland, mwaka 1802, akaletwa hapa na wazazi wake mwaka 1819, mji ukiitwa York. Akawa mwanasheria, na mwaka 1835 akawa meya wa pili wa Toronto, baada ya William Lyon Mackenzie. Mji ulikuwa na watu wapatao 9,000, barabara za matope, na kipindupindu kilikuwa kimeua watu wengi mwaka 1832, kikarudi tena 1834. Katika mwaka wake huo mmoja wa umeya, mji ulianza kujenga mifereji mikuu ya maji taka. Baadaye aliingia Baraza la Kutunga Sheria la koloni, akafariki mwaka 1853 akiwa jaji. Kisiasa alihama upande, na wapo waliomlaumu kwa hilo. Lakini mifereji ilichimbwa, Mheshimiwa, kwa sululu na koleo, katika mji usio na fedha.

Wewe una mitambo na bajeti. Ulisema bomba letu litakaguliwa kabla ya theluji. Theluji imeanguka, imeyeyuka, na hatujaona fundi. Kila nikipiga simu naambiwa nisubiri. Nisubiri nini, ilhali watoto wanalala sebuleni kwa jirani na mdogo anaharisha?

Siombi fidia ya magodoro. Mtume fundi akague bomba la mtaa wetu, litengenezwe. Mtume wiki hii, kabla mvua nyingine haijanyesha. Tafadhali, Mheshimiwa, mtume fundi.

Wako kwa heshima,
Mpangaji wa besimenti, katani kwako