Chokoleti ya Jumamosi, someni kabla hamjanunua

Wapendwa habari zenu, naona maswali ya chokoleti gani mnunue kwa trafo zetu za Jumamosi (vile vibonge laini vya chokoleti) yamekuwa mengi inbox kwahiyo naandika hapa mara moja. Kwanza geuza pakiti usome nyuma, mbele pale ni mapambo tu. Tunataka uone siagi ya kakao, ukikuta mafuta ya mawese au mafuta mengine ya mimea ndo yamechukua nafasi yake basi hiyo rudisha, itayeyuka vizuri tu lakini ukila inabaki kama nta kwenye kaakaa. Siagi ya kakao inayeyuka kwenye kama nyuzi 34, mdomo una joto zaidi ya hapo, ndo maana chokoleti nzuri inapotea yenyewe ulimini hata hujatafuna.

Ile asilimia isiwatishe jamani, 70 maana yake kakao na siagi yake kwa pamoja, kilichobaki zaidi ni sukari, sio kwamba 85 ni bora kuliko 60. Kwa trafo mimi nachukua 60 hivi, nyeusi sana inanishinda.

Ukivunja kipande kisikie, kinatakiwa kilie "ka!" na uso ung'ae. Ukikuta utando mweupe usitupe, mara nyingi ni mafuta yamepanda juu sababu ya joto sio ukungu, ukiyeyusha unapotea. Ila bakuli la kuyeyushia liwe kavuuu, tone moja la maji mwaka jana lilinigeuzia sufuria nzima ikawa uji wa mchanga 😩

Msiweke karibu na vitunguu, inavuta harufu ya kila kitu.