Risala ya Klabu ya Sayansi kwa Mgeni wa Heshima

Mheshimiwa mgeni wetu wa heshima, Mwalimu Mkuu, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu, hamjambo.

Ahsante kwa kufika kwetu hapa Kisumu na jua hili la leo. Mezani mbele yako pana makopo manne ya mafuta ya kupikia, yamekatwa vitako na kupachikwa moja ndani ya jingine. Usicheke, mheshimiwa. Huo ni mfano wa darubini ya eksrei.

Miale ya eksrei kutoka kwenye nyota huzuiwa na hewa, kwa hiyo darubini yake sharti ikae angani. Tena miale hiyo ikipiga kioo uso kwa uso hairudi, humezwa. Ni kama kijiwe pale ufuo wa Dunga: kitupe wima, kinazama, kirushe kwa kulalia maji, kinarukaruka. Ndiyo maana vioo vyake hutengenezwa kama mapipa, miale ipite ndani ikiparaza kuta. Mwaka 1952, Mjerumani Hans Wolter alionyesha kuwa ikiparaza mara mbili, kwanza kioo cha parabola kisha cha haipabola, yaani mikunjo miwili tofauti, picha hutulia.

Hapo klabu iligawanyika: mfano wetu uige darubini ipi? Chandra ya Marekani, iliyorushwa 1999, ina jozi nne tu za vioo vinene, laini kiasi kwamba vinundu vyake ni vya atomi chache. Hutenganisha vitu vilivyo umbali wa nusu sekunde ya pembe, yaani digrii moja ikatwe vipande 7,200. XMM-Newton ya Ulaya, ya mwaka huohuo, ina vioo vyembamba 58 katika kila moja ya darubini zake tatu. Hukusanya miale mingi zaidi, lakini picha si kali hivyo. Upande wa ukali ulishinda kwa kura mbili. Kisha tukamulika makopo yetu kwa tochi, ikatoa doa pana kama chapati, maana kopo la pili limebonyea.

Setilaiti ya kwanza kabisa iliyotengwa kuchunguza eksrei za nyota tu, Uhuru, ilirushwa kutoka pwani yetu, karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970. Haikuwa na kioo hata kimoja, hata hivyo ilifanya kazi yake!

Tunaomba mabomba manne ya chuma kisichoshika kutu, na nauli ya kwenda kuona pwani hiyo. Tochi ni ile pale, mheshimiwa. Tunakuomba uiwashe.