Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Lamu

Assalaam aleikum ndugu wanachama,

Shughuli za kawaida mnazijua: mikutano minne, ziara mbili mashuleni, mafunzo ya mashine za mashua, usafi wa ufuoni. Zote zilifanyika, Alhamdulillahi.

Nije kwenye lililosemwa barazani mwaka mzima: kwa nini tulitoa shilingi 42,000 kununua seli ndogo ya hidrojeni, kifaa cha kutoa umeme kwa gesi hiyo, ilhali paa la ofisi linavuja. Kamati ilipitisha, na kumbukumbu za kikao zipo. Sisi ni mafundi wa mashua, na petroli inatumaliza. Seli ile hula hidrojeni na hewa, ikatoa umeme na maji, bila moshi. Moyo wake ni utando wa Nafion, aina ya plastiki, usiofika robo ya milimita. Hidrojeni hugawanyika kuwa protoni na elektroni, chembe zenye chaji. Protoni hupenya humo. Elektroni huzuiwa, zikazunguka kwa njia ya waya, na huo ndio umeme.

Utando huo hufanya kazi ukiwa umelowa. Joto likipita nyuzi 80 hivi huanza kukauka na umeme kushuka. Kwa hiyo watafiti huuchanganya na chembe za nano, ndogo mno zisizoonekana kwa macho, za silika (kama ya mchanga) au grafini oksaidi (aina ya kaboni) zishike maji. Chembe zikizidi hushikamana madonge, utando ukawa mwepesi kupasuka.

Mnaosema hayatuhusu, kumbukeni mwezi wa Rajabu. Mmoja wetu aliilowesha seli kwa maji ya kisima, yenye chumvi, badala ya maji safi ya betri yasiyo na chumvi. Panka iliyoendeshwa na seli ilizunguka mara tatu, nne, ikasimama. Sodiamu ya chumvi ilikuwa imekalia nafasi za protoni, na hilo silika haitibu. Niliufungua utando kwa mikono yangu, nikauosha kwa asidi ya betri niliyoizimua sana, nikausuuza. Panka ikarudi, ingawa si kwa kasi ya mwanzo. Hapa kwetu chumvi imo hata hewani, basi utando wa kustahimili chumvi ni haja yetu sisi kabla ya mtu mwingine yeyote. Sijutii fedha zile.

Linaloniuma ni mahudhurio. Mkutano wa Mfungo Mosi tulikuwa tisa. Katika wanachama 46, waliolipa ada ni 17, na wengi wa wanaolalamikia paa hawamo. Salio ni shilingi 11,300.

Mwaka ujao, inshallah, tunatarajia kupata chuo cha kushirikiana nacho, na paa tutaliangalia. Seli iko kwangu; anayetaka kuiona aje baada ya alasiri. Mweka hazina naye atakuwepo na kitabu cha risiti.