Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa chama chetu cha kusaidia wagonjwa wa figo, Same, 27 Desemba 2025

Ndugu wanachama, wazee wetu, viongozi wa dini mliotuheshimu kwa kufika, na ninyi mtakaoisoma taarifa hii kwenye simu kwa sababu siku ya leo imeangukia harusi na vipaimara:

Bwana Yesu asifiwe. Asalaam aleikum.

Shughuli za mwaka nitazipitia haraka, maana picha zake mmeziona kwenye kundi letu la simu. Siku ya Figo Duniani, ambayo kila mwaka ni Alhamisi ya pili ya Machi, tuliiadhimisha tarehe 13 stendi ya mabasi kwa vipimo vya bure. Baada ya hapo tulikwenda kupima katika magulio matano, milimani na tambarare. Safari ya sita, ya mwishoni mwa Oktoba, tuliiahirisha kwa ajili ya uchaguzi. Harambee ilifanyika Septemba. Kamati ilikutana mara saba. Mara mbili kati ya hizo tulikuwa mimi, Katibu na Mweka Hazina tu, na chai nililipa mimi.

Fedha ni hivi. Tulianza mwaka na 5,915,000. Ada zimeingiza 4,310,000, harambee 13,600,000 (ahadi zilikuwa milioni 21, walioahidi wanajijua), makanisani na msikitini 2,750,000, wenzetu walio nje ya nchi 3,200,000. Jumla 29,775,000. Matumizi: kusafisha damu ya wagonjwa kwa mashine 12,800,000, nauli za wagonjwa 3,960,000, upimaji 4,185,000, ofisi 640,000. Jumla 21,585,000. Salio 8,190,000. Mkaguzi amepitia vitabu na maoni yake kayabandika Katibu ukutani, pale karibu na mlango.

Sasa nije kwenye jambo ambalo limetugawa tangu Machi: uamuzi wa kuacha kuwalipia wagonjwa wetu wawili gharama za kusafisha damu. Najua wengine mmekuja leo kwa ajili yake tu, na kama ndilo limewaleta, angalau limefanya kazi ambayo barua zangu tatu za mwaliko hazikuiweza.

Tulipoanzisha chama hiki tulikubaliana kumsaidia mtu wa hali ya chini ambaye figo zimeshindwa kazi na hana bima. Mwaka huu tuliuanza tukiwa na wagonjwa wawili tunaowalipia kila kitu, kila mmoja mara mbili kwa wiki, 200,000 kwa kila awamu. Daktari alituambia tangu mwanzo kwamba kiwango chenyewe ni mara tatu kwa wiki, kwa muda wa saa nne kila mara. Sisi tuliweza mbili. Semeni mtakavyo, lakini ukweli ni kwamba tulikuwa tunawapunja theluthi ya tiba huku tunapiga picha za kukabidhi hundi.

Fanyeni hesabu, mimi niliifanya kwa peni mbele ya kamati. Mara tatu kwa wiki ni awamu 156 kwa mwaka. Mgonjwa mmoja ni shilingi 31,200,000. Wawili ni 62,400,000. Ada zetu, wanachama wote 214 wakilipa hadi senti ya mwisho, ni 12,840,000. Mtu wa figo hasafishwi damu akapona. Anasafishwa mpaka apate figo ya kupandikizwa au mpaka mwisho wa maisha yake. Tangu Novemba 2017 Muhimbili wanapandikiza, na Hospitali ya Benjamin Mkapa kule Dodoma ilifuata 2018, kwa hiyo si lazima tena kwenda India. Lakini lazima apatikane ndugu wa kutoa, apimwe, afae, na gharama zipatikane. Wagonjwa wetu wote wawili hawakuwa wamefika huko.

Tarehe 1 Machi niliitisha mkutano wa dharura ili wanachama wenyewe waamue. Ibara ya 14 inasema matumizi yanayozidi milioni tano yaamuliwe na mkutano mkuu, na mimi katiba ninaijua, nilikuwa katika wale wanne walioiandika. Akidi ni theluthi, yaani wanachama 72. Walifika 17. Kumi na saba! Tulisubiri mpaka saa nane, watu wakaondoka kuwahi magari. Tarehe 15 Machi kamati ikakaa na kuamua, kura tano kwa tatu: tuwalipie wagonjwa wetu wawili kwa wiki sita na siku kadhaa zaidi, hadi tarehe 30 Aprili, tuwatafutie njia nyingine ndani ya muda huo, na kuanzia Mei fedha ziende kwenye nauli za wagonjwa wote wa wilaya tunaowafahamu na kwenye upimaji. Nilipiga kura ya ndiyo. Anayesema nilijificha nyuma ya kamati hakuwepo.

Mgonjwa wa kwanza, yule bibi, yuko hai na anaendelea na tiba. Mwanawe ni mwajiriwa, na kumbe miaka yote hiyo hakuwa amemwandikisha mama yake kama mtegemezi kwenye bima ya taifa. Alidhani wategemezi ni mke na watoto peke yao. Fomu hizo nilizifuatilia mimi mwenyewe, safari tatu, mara moja nikirudishwa kwa sababu ya herufi moja ya jina kwenye cheti cha kuzaliwa. Leo bima inamlipia. Jambo hilo sikuona likiandikwa kwenye kundi.

Wa pili, familia imeomba nisimtaje jina. Alikuwa fundi seremala. Wale mliomtembelea mnaukumbuka mkono wake wa kushoto, pale walipounganisha mshipa kwa ajili ya mashine: ukiweka kidole unausikia ukivuma kama nyuki ndani ya mzinga. Alipenda kuwaonyesha watoto. Kitu kilichomtesa kuliko sindano ni chakula, kwa sababu maharage aliambiwa ayapunguze sana na maji ayapime kwa kikombe, na Mpare bila makande mnajua wenyewe. Hakuwa na mtoto mwajiriwa. Kadi yake ilikuwa ya CHF, yaani mfuko wa afya ya jamii, ile ya 30,000 kwa kaya, ambayo haifiki kwenye kusafisha damu. Ustawi wa jamii wa hospitali walimpa msamaha wa mara moja kwa wiki. Sisi tukatoa nauli. Alifariki tarehe 19 Juni.

Siku ile ile mwanachama mmoja aliandika kwenye kundi, "Kamati imeua." Ujumbe ule ulipata dole gumba 46. Arobaini na sita, ndugu zangu, kutoka kwa watu ambao 17 tu walionekana Machi. Nilikwenda matangani. Nilikaa nyuma na vijana wa jikoni, kwa sababu mbele nilionyeshwa kwa macho kwamba hapakuwa na nafasi yangu. Sitasimama hapa niseme uamuzi wetu haukuhusika. Mara moja kwa wiki si tiba ya kutosha, hilo nalijua kama mnavyolijua. Ninachosema ni kwamba hata mara mbili tusingeifikisha Juni.

Wapo wanaoonyesha salio la milioni nane na kuuliza mbona fedha zilikuwepo. Zilikuwepo lini? Tarehe 30 Aprili akaunti ilisomeka 740,000, taarifa ya benki ninayo mfukoni. Kati ya Mei na Agosti tuliendesha chama kwa ada za kuokoteza na 900,000 nilizokopesha kutoka kwenye kiinua mgongo changu, ambazo nimekwisha kurudishiwa bila riba. Fedha nyingi ziliingia Septemba, kwenye harambee. Na kama kuna anayenong'ona kwamba harambee ilijaa kwa sababu watu walikuwa bado na uchungu wa msiba ule, sikatai. Nilikuwepo mlangoni, niliona nani alitoa na uso wake ulivyokuwa.

Upimaji sasa, ambao wengine wanauita "utalii wa mwenyekiti". Gari lililozunguka ni langu, na mafuta nilidai mara mbili tu. Tumepima watu 1,126. Presha ya juu 338, sukari 91, protini kwenye mkojo 97. Kati ya hao, 34 tuliwapeleka kupimwa kreatinini, ile taka ya kwenye damu inayoonyesha figo zinafanyaje kazi, na kuonana na daktari.

Nitawaeleza mmoja. Gulioni, upande wa Mamba Myamba, alikuja mama wa miaka 46 na kiroba cha tangawizi. Tulimfunga mashine ya presha, ikatoa 214 kwa 118. Muuguzi akadhani mashine mbovu, akabadilisha mkono, ikatoa ile ile. Mama akasema yeye amekuja kuuza tangawizi, hakuja kuumwa, na kwamba mgongo ndio humsumbua, huwa anameza dawa za maumivu za dukani, mwaka wa tatu sasa. Kijiti cha mkojo kina kipande cha njano. Mkojo ukiwa na protini kinageuka kijani. Chake kiligeuka kabla muuguzi hajamaliza kuandika jina. Presha, sukari na zile dawa za maumivu za kila siku ndizo zinazokula figo za watu wetu, na figo hazipigi kelele mpaka zimekwisha. Yule mama yuko kwenye dawa za presha, zile za maumivu ameacha, kreatinini yake bado nzuri. Vidonge vyake vya mwezi havifiki hata sehemu ya kumi ya awamu moja ya kusafisha damu. Hakuna aliyemtumia dole gumba, maana hakuna aliyejua.

Kuna hoja iliyoletwa kwa maandishi kwamba tununue mashine moja tuiweke hapa Same ili watu wasisafiri zaidi ya kilomita mia moja kwenda Moshi. Nia ni njema. Lakini mashine si jiko la gesi. Awamu moja inakunywa maji yasiyopungua lita 120, na maji yale lazima yachujwe kwa mtambo wake, siyo ya bomba. Inataka wauguzi waliosomea kazi hiyo, daktari, umeme wa uhakika na vifaa vya kutupa kila siku. Mradi wa maji wa Same–Mwanga–Korogwe umetupa ahueni, na Mungu akijalia serikali itaona haja ya kituo cha huduma hiyo huku kwetu. Sisi tunaweza kuomba na kuandika barua. Barua moja nimekwisha kuiandika.

Kuhusu ada. Mwanachama hulipa 5,000 kwa mwezi, 60,000 kwa mwaka. Waliolipa yote ni 58. Waliolipa kidogo kidogo ni 31. Waliobaki, 125, hawajalipa hata mwezi mmoja, na humo wamo wajumbe wawili wa kamati ambao leo siwataji lakini mwakani nitawataja. Wapare tunasifika kwa kuibana shilingi mpaka ilie. Sikujua tutambana nayo mgonjwa. Mwandishi wa "Kamati imeua" alilipa mara ya mwisho Februari 2023. Nimeangalia kitabu mwenyewe. Nilishauriwa na Katibu niitoe sentensi hii, nimeiacha.

Kwa mwaka ujao tunatarajia, fedha zikiruhusu, kufika magulio mengi zaidi, kuendelea na nauli kwa wagonjwa 11 tulionao, na kuwasaidia wanaostahili kuingia kwenye bima. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa 2023, na tunaisubiri kwa hamu imfikie mtu wa milimani. Tungependa pia kupata ofisi. Uamuzi wa tarehe 15 Machi nauleta leo mbele yenu chini ya ajenda namba 6, muuthibitishe au muutengue. Mkiutengua, naomba mtoa hoja aje na hesabu yake ya milioni 31 kwa kila mgonjwa, na aseme zitatoka kwa nani.

Ajenda hiyo haitafunguliwa kabla akidi haijatimia. Naandika haya usiku wa kuamkia mkutano, na waliothibitisha kufika mpaka sasa ni 41. Wanaotaka kupiga kura wawe wamelipa ada, ndivyo katiba inavyosema. Mweka Hazina atakaa mlangoni kuanzia saa tatu asubuhi na kitabu cha stakabadhi, na anapokea pia kwa simu.

Mwenyekiti