Kwa vijana wangu wa timu, kabla dirisha la usajili halijafungwa

Wanangu, marahaba kwa wote mlioniamkia. Maneno ya kijiweni yamenifikia, kila mtu anataka kuhama, mara huyu kapigiwa simu na wakala, mara yule haji mazoezini sababu kapangwa namba asiyoitaka. Kuhama siwakatazi. Ila kabla hamjasaini popote nataka mumjue Mjapani mmoja anaitwa Kengo Nakamura, jezi namba 14 pale Kawasaki Frontale, misimu 18 klabu moja tu, toka 2003 mpaka anatundika daluga 2020.

Alitokea mpira wa chuo kikuu, kiungo mshambuliaji mwembamba tu, na Frontale yenyewe ilikuwa daraja la pili. Msimu wake wa pili kocha Takashi Sekizuka akamrudisha nyuma acheze kiungo wa chini. Hapa tukae kidogo. Nyie mkirudishwa nyuma mnaona mmeshushwa cheo, mnanuna, na mama anapiga simu kwa kocha. Yeye kule chini akaona uwanja wote uko mbele yake, pasi zake zikapata njia, mwaka huohuo 2004 wakabeba ubingwa wa daraja la pili wakapanda ligi kuu, na 2006 akaitwa timu ya taifa ambako alikuja kucheza mechi 68. Zote hizo mzizi wake ni namba aliyopewa na kocha jamani.

Alafu msidhani ilikuwa raha tu. Frontale ikamaliza ya pili 2006, ya pili tena 2008, ya pili tena 2009, fainali za Kombe la Ligi nazo wanafika wanapigwa, mpaka watu wakawazoea hivo. Kombe la Dunia 2010 alienda miezi michache tu baada ya kuvunjika taya, akaingia toka benchi mechi dhidi ya Paraguay, Japani ikatolewa kwa penati. 2014 akaachwa kabisa. 2016 ana miaka 36 akapewa uchezaji bora wa ligi, na kabatini bado hamna kombe kubwa hata moja!

Likaja mwaka uliofuata, tarehe 2 Disemba, siku ya mwisho ya ligi. Kashima Antlers wako juu kwa pointi mbili, wakatoka 0-0 na Jubilo Iwata, Frontale wakampiga Omiya 5-0, pointi 72 kwa 72, tofauti ya magoli ikawapa Frontale ubingwa. Nakamura akaanguka pale uwanjani analia kama mtoto. Na lile kombe halisi lilikuwa limepelekwa kule walikocheza Kashima, basi wenzake wakanyanyua beseni la kuogea, mimi hapo nacheka mpaka leo.

Sasa msinielewe vibaya, sio kila anayeganda sehemu moja anakuwa Nakamura. Klabu nayo ilimtendea haki, ilimpanga, na 2012 ikaja na kocha Yahiro Kazama akaanza kumfundisha upya kutuliza mpira na kupiga pasi, mtu mzima wa miaka 31, staa wa taifa, na akakubali kufundishwa. Kiongozi anayewahubiria uaminifu wakati mshahara wa miezi mitatu hajalipa huyo muacheni mwondoke zenu, mkiulizwa nani kawashauri msinitaje. Ila kama unalipwa, unacheza, na kocha anakuongezea kitu, unakimbilia wapi kwa laki mbili za zaidi?

Novemba 2019 kano ya goti ikakatika, miaka 39, watu wakasema basi. Agosti 2020 akarudi na goli juu, tarehe 31 Oktoba siku anatimiza miaka 40 akawafunga FC Tokyo goli la ushindi, kesho yake akatangaza anastaafu, tena mwenyewe alishaamua toka ana 35.

Mwenye mkataba mkononi aje nao Jumamosi baada ya mazoezi tuusome wote, kurasa zote, na wakala wako akitaka kuja aje, chai ipo.

Mzee wenu